Mota ya riluktansi kwenye kinu cha Busia: chuma safi, kontrola yenye kufuli

Kwa mwenye haraka: mota yenyewe nunua. Kontrola yake (kisanduku cha elektroniki kinachoiongoza) nunua kwa masharti, na sharti la kwanza ni upewe nywila ya mipangilio siku hiyo hiyo unayolipa. Muuzaji akianza kuzungukazunguka kwenye hilo, mwachie mzigo wake.

Wenye nafasi, karibuni tuendelee.

Mimi ni fundi wa kusuka mota hapa Busia, upande wa Uganda. Kibanda changu hakiko mbali na Sofia, na ubavuni mwake kuna kinu cha nyundo cha kusagia mahindi. Kinu ni cha familia. Mke wangu ndiye anayeshika daftari la mauzo na ndiye mwenye neno la mwisho kwenye pesa, kwa hiyo mkimsikia humu msishangae. Miaka yote kilikuwa kikiendeshwa na mota ya kawaida ya indakshoni, kilowati 15, na swichi yake ya sta-delta, ya kupunguza mshtuko wa kuanza. Nimeisuka ile mota hadi naijua mfereji kwa mfereji. Tulipoamua kuistaafisha, duka moja la Kampala likanionyesha mota ya riluktansi kutoka China: kilowati 15, mizunguko 1500 kwa dakika, na kwenye bati lake imeandikwa 12/8. Pamoja na kontrola, bei ilikuwa inakaribia mara mbili ya mota ya kawaida. Mama watoto akauliza, "Ina dhahabu ndani?" Nikamjibu haina hata sumaku.

Na kweli haina. Ukiifungua, rota yake, sehemu inayozunguka, ni mabamba ya chuma yaliyobanwa pamoja yakawa gurudumu lenye meno 8. Hakuna waya, hakuna fito za shaba wala alumini, hakuna sumaku. Stata, sehemu isiyozunguka, ina meno 12, na kila jino limevaa koili yake peke yake. Koili zimegawanywa fezi tatu, yaani makundi matatu. Koili nne za fezi moja zikiwashwa, zinayavuta meno ya rota yaliyo jirani mpaka yanyooke nazo. Kabla hayajatulia, fezi hiyo inazimwa na nyingine inadaka. Basi, ndiyo mota nzima. Wazo lenyewe ni kuukuu: Robert Davidson, Mskoti wa Aberdeen, aliendesha garimoshi la betri kwa mvuto wa namna hii mwaka 1842, likatambaa polepole kuliko mtu mwenye haraka. Kilichokosekana kilikuwa swichi ya kuwasha na kuzima kwa wakati wake. Transista za nguvu zilipopatikana, Peter Lawrenson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Leeds kule Uingereza wakaifufua, na makala yao ya 1980 inatajwa na wahandisi hadi leo.

Hilo la kukosa sumaku si jambo dogo. Mota nyingi za kisasa zenye umbo dogo na nguvu nyingi zinategemea sumaku za neodimiamu, na bei ya madini hayo iliruka vibaya mwaka 2011 baada ya China kubana mauzo ya nje. Sisi wenyewe tuna madini ya ukoo huo Makuutu, hapo Busoga, lakini udongo wa Makuutu haujafika kibandani kwangu ukiwa sumaku. Chuma na shaba najua pa kuvipata.

Sasa uchungu. Jinsi ilivyotoka kwenye boksi, mota hii ilikuwa aibu. Ilisaga, ndiyo, lakini ilivuma hadi dada wa saluni iliyo jirani akaja kuuliza kama tumeleta jenereta. Mwili ulipata moto kuliko nilivyotegemea. Ukilishia mahindi kwa wingi, mwendo unashuka, kontrola inatoa alama ya ampea kuzidi, kinu kinasimama na mdomo umejaa. Kumwaga mahindi yaliyosagika nusu na kuanza upya mbele ya foleni ya wateja ni kazi ya fedheha. Nikapiga simu dukani. Jibu lao: "Fundi, mota ni ndogo kwa kinu chako, chukua ya 18.5." Kinu kile kile, puli zile zile, mahindi yale yale, kilowati 15 za zamani zilikuwa zinatosha. Nikajua hapo tatizo haliko kwenye chuma.

Kwenye skrini ya kontrola kuna ukurasa wa pembe: pembe ya kuwasha na pembe ya kuzima, yaani rota iwe imefika wapi ndipo fezi iwashwe au izimwe. Unaweza kuzisoma, huwezi kuzigusa bila nywila. Duka wakasema ni siri ya kiwanda. Nawaambieni, kwa mota ya aina hii, kukunyima ukurasa ule ni kukuuzia nusu ya bidhaa. Mota ya indakshoni unaichomeka kwenye fezi tatu na inajijua yenyewe. Hii haijui lolote. Kila kitu inachofanya kimeamuliwa na zile namba, na namba za kiwandani ziliwekwa na mtu aliyeipima mota ikiwa mezani bila kinu, bila mkanda, na kwa volti zisizoyumba. Nywila niliipata hatimaye kwa mhandisi wa kiwandani mwenyewe, kwa WhatsApp, baada ya kumpigia picha bati la mota na namba ya kontrola. Alikuwa mtu mwema na akanijibu usiku wao. Kwa huduma ya kiwanda natoa nyota zote, lakini duka wakanitafute wenyewe tuzungumze.

Hapa ndipo utamu ulipo, nipeni nafasi nieleze vizuri.

Rota ina meno 8, kwa hiyo kutoka jino hadi jino ni digrii 45. Kutoka pale jino la stata linapoangalia katikati ya pengo la rota hadi pale meno yanaponyooka kabisa ni nusu yake, digrii 22.5. Katika safari hiyo tu ndimo mvuto unasaidia. Rota ikishavuka mstari wa kunyooka na koili bado ina umeme, mvuto ule ule unageuka breki. Kwa mizunguko 1500 kwa dakika, rota inakata digrii 9 kila milisekunde. Na umeme ndani ya koili iliyozungukwa na chuma haufi papo hapo. Ukiukata, unarudi kupitia dayodi kwenye kapasita, ghala la umeme ndani ya kontrola, na safari hiyo inachukua sehemu ya milisekunde. Kiwanda kilikuwa kimeweka pembe ya kuzima kwenye digrii 20. Tuseme umeme unahitaji nusu milisekunde kuisha: hizo ni digrii 4.5 zaidi, unafika 24.5. Digrii mbili za mwisho mota inajivuta nyuma yenyewe, na inakulipisha Yaka (umeme wetu wa kulipia kabla) kwa kazi hiyo.

Mmewahi kuona wanawake watatu wakitwanga kwenye kinu kimoja cha mti? Kila mmoja anainua mchi wake mapema kidogo ili wa pili ashushe. Mmoja akichelewa kuinua, michi inagongana, na hakuna anayetwanga. Fezi tatu za mota hii ni hao hao.

Nikaanza kurudisha pembe ya kuzima kidogo kidogo hadi ikatulia kwenye 17. Kisha pembe ya kuwasha. Kiwanda waliiweka sifuri, yaani katikati ya pengo. Kwa mwendo mdogo hapo panafaa. Kwa mwendo wa kazi panachelewa, kwa sababu jino likishaanza kukaribia, koili yenyewe inazalisha volti ya kupinga na umeme haupandi tena kwa urahisi. Lazima uwashe mapema, umeme ujae wakati jino bado liko mbali. Nimeishia kwenye digrii 4 kabla ya katikati ya pengo kwa mwendo kamili. Lakini msichukue hiyo 4 mkaibandika kwenye kila mwendo: wakati wa kuanza, kuwasha mapema namna hiyo kunavuta jino lililopita, mota inasitasita na kutikisika kama imepata homa. Kontrola nzuri inakupa jedwali, pembe yake kwa kila mwendo. Yangu ina safu tano, na zinatosha.

Kila badiliko nililifanya peke yake, nikasaga mahindi ya shehena moja, chujio lile lile, nikisoma uniti za Yaka kwa gunia. Mahindi mabichi ya kutoka shambani yanadanganya vipimo vyote, kwa hiyo nilitumia yaliyokauka tu. Sitawapa asilimia, maana kinu chako si changu. Ila hivi sasa mota inasaga gunia kwa uniti pungufu kuliko ile ya zamani, mwili unashikika kwa kiganja, na alama ya ampea kuzidi sijaiona tena, hata siku ya mfanyabiashara anayetaka lori lijae kabla ya jua kuzama.

Kuhusu kelele. Mvuto wa koili hauzungushi rota tu, unaibana na stata pia, na kila fezi ikizimwa ghafla stata inarudi kwa mshtuko. Mwendo wa 1500 unafanya kila fezi iwake mara 200 kwa sekunde, hivyo ule mvumo una asili yake. Aina ya 12/8 ina nafuu kuliko 6/4 (meno 6 ya stata, 4 ya rota), kwa sababu inabana stata kwa pande nne badala ya mbili, na duara la chuma ni gumu kupinda kwa pande nne. Kilichosaidia zaidi kilikuwa mpangilio mmoja kwenye kontrola. Kila fezi ina transista mbili, ya juu na ya chini. Wakati wa kupunguza umeme, kiwanda kilikuwa kinazima zote mbili pamoja. Kuna chaguo la kuzima moja tu, umeme ukajizungukia ndani ya koili kwa upole. Nikalichagua. Kisha nikaweka mpira mnene chini ya reli za mota, na nikashusha mwendo wa kazi kidogo kuukwepa mwendo mmoja ambao mwili mzima wa mota ulikuwa unaimba nao, nikafidia kwa puli. Dada wa saluni hajarudi, ila ukisimama kibandani bado utaisikia kuliko mota ya kawaida. Kama kinu chako kiko ubavuni mwa chumba cha kulala, usije ukasema sikukuambia.

Wahandisi wanalalamika sana kwamba nguvu ya mota hii inapwita, haitoki laini. Kwa lifti au mashine ya kuchonga, wana haki. Kwa kinu cha nyundo, sioni wanacholilia. Ule mhimili wenye nyundo zote ni mzito na unakimbia, unameza kupwita kote kabla hakujafika kwenye punje.

Jambo lililonishawishi kabisa ni volti za jioni. Bwawa la umeme la Karuma linaweza kutoa megawati 600, sawa, lakini mimi niko mwisho wa waya mrefu, na saa moja usiku kila mtu amewasha kitu. Mota ya indakshoni nguvu yake inashuka kwa mraba wa volti: volti zikipungua kwa asilimia 20, inabaki na asilimia 64 ya nguvu ya kuzungusha. Inaanza kuteleza, inavuta ampea nyingi, inaungua, na kesho yake inaletwa kwangu. Hivyo ndivyo nilivyojenga nyumba, kwa hiyo sisemi kwa chuki. Hii ya riluktansi, kontrola inashikilia ampea zilizopangwa, na kinachopungua ni mwendo. Unga unatoka wa chengachenga, mama mmoja aliniambia posho yake, yaani ugali, ilikwaruza, lakini koili ziko salama. Unapunguza kulisha, mambo yanakwenda.

Kwa haki kabisa: mota ya indakshoni yenye inveta nzuri (kifaa cha kubadili mwendo wake) ingekupa sehemu kubwa ya faida hii, kuanza taratibu na kuchagua mwendo. Mwenye kusumbuliwa na mawazo na alinganishe bei za vyote viwili kabla ya kunisikiliza mimi. Ninachokipenda kwenye hii ni rota isiyo na cha kuungua, na sehemu kubwa ya joto kukaa kwenye stata ambako mapezi ya nje yanalitoa, mradi uyafagie. Unga ukiganda kwenye mapezi, umeivisha mota blanketi.

Kuna akiba nyingine ambayo sikuitarajia, na aliyeigundua ni mama watoto. Wateja wetu wengi ni wa beseni moja. Anakuja mmoja, anaondoka, dakika kumi kimya, anakuja mtoto na kilo tatu. Zamani kinu kilikuwa kinazunguka kitupu katikati, kwa sababu kuwasha mota ya indakshoni kila mara ni kuvuta ampea nyingi kuliko kawaida, na kontakta (swichi zake za sumaku) zinalika. Hii inaanza bila mshtuko, ampea zikiwa zimefungwa na kontrola. Basi akaanza kuizima kila mteja anapoondoka. Tofauti kwenye Yaka aliiona yeye kabla yangu, na aliitaja mbele ya wateja.

Upande wa matunzo, mnisikilize kwa makini. Kwanza, pengo kati ya rota na stata ni dogo sana, chini ya milimita moja. Beringi ikichoka kidogo rota inasogea upande, upande ule unavutwa zaidi, beringi inachoka zaidi. Weka beringi za maana, na usikaze mkanda hadi ulie. Pili, kwenye mkia wa mhimili kuna kisahani chenye matundu na vihisi vya mwanga vinavyoiambia kontrola rota iko wapi. Unga ukiingia pale, mota inapoteza akili. Nimekifunika kwa kifuniko cha bati na sponji. Na ukikitoa kisahani kubadilisha beringi, piga alama kwanza, kwenye kisahani na kwenye mhimili, kwa sababu kikirudi kimegeuka digrii tatu, kila pembe uliyoipanga imegeuka nayo.

Tatu, kontrola. Umeme wa volti 415 ukishanyooshwa unajaza kapasita kwa volti karibu 587, na ukizima swichi zinabaki humo. Usifungue kifuniko ukitegemea taa imezimika. Ngoja, kisha pima kwa mita hadi uone zimeisha. Kijana wangu wa kazi nimempiga marufuku kugusa kabla sijapima mwenyewe. Kapasita hizo hazipendi joto, kwa hiyo nimeitundika kontrola ukuta wa kivuli, mbali na vumbi la kinu.

Kusuka? Raha tupu. Koili 12, kila moja peke yake, hazipishani kwenye mifereji. Moja ikiungua unaichomoa, unasuka nyingine kwenye kibao chenye vipimo vya jino, unaivalisha. Kazi ambayo kwa mota ya kawaida inanimalizia shaba na siku, hapa ni ya asubuhi. Fezi zake pia hazitegemeani. Waya mmoja ulipolegea kwenye kontrola, tulimalizia foleni kwa fezi mbili, kwa kulisha kidogo kidogo. Tatizo ni kwamba ikisimama mahali ambapo fezi iliyokufa ndiyo ilipaswa kuvuta, haianzi, unazima umeme na kusogeza mkanda kwa mkono.

Ubaya wake mkubwa haurekebishiki kwa pembe yoyote: huwezi kuiunga moja kwa moja kwenye umeme, wala kwa inveta ya kawaida. Inahitaji nyaya sita na kontrola ya aina yake. Kontrola ikifa Ijumaa, umebaki na chuma kizito hadi nyingine itoke Kampala, au mbali zaidi. Mota ya indakshoni nakuazima nyingine jioni hiyo hiyo. Kama kinu ndicho pekee kinacholisha nyumba na huna akiba ya kununua kontrola ya pili, baki na ya zamani kwa sasa, uilete kwangu niisuke.

Kuna mzee wa Tiira, mwenye mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, amekuja kuitazama na anaitaka. Yeye anatumia jenereta dogo. Nimemwambia asubiri, mpaka twende na mita tuone volti za jenereta lake zinavyoshuka mzigo ukipanda, ndipo tuzungumze habari za pembe.